Hapa Ndipo Wanapotaja Watu

Maktaba yetu ya Kilwa Masoko ina dirisha moja tu linalofunguka, nalo ndilo lililo upande wa jua. Mengine yalipigwa misumari zamani na mtu aliyeogopa wezi, utadhani kuna mwizi Kilwa hii anayehangaika na vitabu. Nilipangiwa pale nikitokea Lindi mjini, nikasema nitakaa kidogo tu. Nikaolewa, nikaachika, na bado nipo.

Watu husema maktaba yetu imekufa kwa sababu vijana hawasomi. Maneno hayo yananikera. Watu walikuwa wanakuja, wanatafuta, hawapati, wanaondoka. Kila kitabu kilikuwa na namba yake na mada yake kwenye kadi, na mada zenyewe zilikuwa za Kiingereza, au za Kiswahili cha ofisini ambacho hata mimi niliyekisomea huhitaji kuvuta pumzi kabla ya kukielewa. Mkulima mmoja alikuja kutoka upande wa Njinjo, ufuta wake unanyauka. Mimi sikuwepo siku hiyo. Alifungua droo ya kadi akatafuta “ufuta”, hakuona kitu. Kitabu kilikuwepo, kipya, hakijaguswa hata na panya, ila kadi yake ilisema “mazao ya mbegu za mafuta”. Nilipopata habari yeye alisharudi kwao, na sijui kama shamba lake lilipona.

Ndiyo maana nilipoitwa Lindi kwenye semina ya mfumo mpya sikununa sana, ingawa watu wa semina siwawezi. Mkufunzi alikuwa kijana wa Dar es Salaam, suruali imembana, anatuita “wamama wangu” kama vile ametuzalia wajukuu. Akatueleza kwamba kadi zimekwisha kazi yake. Kila maktaba itapewa kompyuta, vitabu vyote vitaonekana mtandaoni pamoja na vya maktaba nyingine, na msomaji mwenyewe ataruhusiwa kukibandika kitabu neno lake. Hilo aliliita kutagi.

“Ninyi wamama wangu mnasema mazao ya mbegu za mafuta,” alisema. “Mkulima anasema ufuta. Mwacheni aandike ufuta. Kesho mkulima mwenzake akitafuta ufuta, kitabu hicho hapo.”

Nikamkumbuka yule mtu wa Njinjo. Lilikuwa jambo la akili, na nilichukia kwamba limetoka kinywani mwake.

Mwanzoni kazi ilikwenda. Nasema hivi kwa sababu sitaki mtu aseme sisi ndio hatukuweza. Mvuvi wa Kiswere alikikuta kile kitabu kikubwa cha samaki, ambacho miaka yote kilikuwa kinafunguliwa kwa ajili ya picha tu, akakaa akakibandika majina ya samaki kwa jinsi wanavyowaita kwao. Baada ya siku kadhaa akaja mwingine wa Songo Songo, akayasoma, akaguna, akabandika yake. Wakabishana hivyo kwa majina ya samaki bila kuonana. Kitabu cha hadithi za Sungura mtu alikibandika “mnunuzi wa ufuta”, na sikukiondoa. Kitabu cha uzazi kilipata “usisome kama ndiyo mimba ya kwanza”. Nilicheka peke yangu mle ndani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya siku nyingi.

Halafu wakaja wasichana wa sekondari, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Lilikuwa kosa la neno. Wao kutagi walikwisha kukujua kwenye simu, na kwenye simu unamtagi mtu. Unaandika jina lake chini ya picha, naye huko aliko simu yake inalia, anajua kwamba ametajwa. Kwa hiyo hawakuandika kitabu kinahusu nini, waliandika kinamhusu nani. Kitabu cha mapishi kikapewa jina la mke wa kaka wa mmoja wao. Kitabu cha magonjwa ya ngozi kikapewa jina la mwalimu wa hesabu. Niliwaeleza. Waliniambia “sawa mama”, wakaendelea. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wasichana hao wakaenda kulisema nyumbani, kwamba kule maktaba kuna mashine ya kutagi watu. Kwenye masikio ya watu wazima tagi ikageuka taja. Mji ukapata habari kwamba kwangu wanataja watu.

Ndipo akaja yule mama.

Nilikuwa namfahamu kwa kumwona. Alikuwa mtu mzima kunipita mimi, mshonaji wa mikeka, hatembei bila bunda la ukili wa miyaa kwapani, na mikono yake haikai bure. Alivua viatu mlangoni kama anaingia msikitini. Nikamwamkia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hapa ndipo wanapotaja watu?”

Nilitaka kucheka. Nilikuwa na jibu la mzaha tayari, kwamba ukitaja nyoka ushike fimbo, lakini uso wake haukuwa wa mzaha. Nikamwambia tunataja vitabu, mama, siyo watu.

“Mjukuu wa jirani yangu kaniambia ukimtaja mtu humu inamfikia popote alipo. Si kweli?”

Nikamwuliza anataka kumtaja nani. Akasema mwanawe, akaniambia jina lake. Hapo nami nikamkumbuka huyo kijana, maana wasomaji wangu ni wachache na siwasahau. Alikuwa mrefu, anakaa karibu na dirisha linalofunguka, kila mara na kitabu kilekile cha ufundi wa umeme. Alikuwa na nia ya kupata kazi Songo Songo kwenye gesi. Kazi hakuipata, na wenzake wawili watatu walipopanga kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta maisha machimboni, akafuatana nao. Mwanzo alikuwa anapiga simu. Baadaye kule kukachafuka, watu wakawa wanakimbia vijiji, na simu yake ikanyamaza. Mmoja wa wenzake alirudi. Alisema walitengana usiku wa mbio, na zaidi ya hapo hakutaka kuulizwa.

Yote hayo mama alinieleza huku anashona ukili, bila kuinua macho. Halafu akafika kwenye lililomleta. Kila mwaka mwezi wa Shaaban ukoo wa marehemu mumewe husoma hitma ya wafu wao. Mwalimu wa chuo cha Kurani hutaja majina, fulani bin fulani, fulani binti fulani, na dua huwafikia walipo. Mwaka huu shemeji yake, ndiye mkubwa wa ukoo, amesema jina la kijana litiwe. Amesema si haki mtoto wa watu kukaa bila kusomewa, analala njaa huko alipo na wao wapo.

“Mimi nimekataa,” akasema. “Mtu akishatajwa kule, kule ndiko kwake. Hatajwi pawili. Sasa nataka nimtaje huku kwenye walio hai, imfikie, aseme neno. Hata akitukana. Nikampe shemeji yangu jibu.”

Niseme wazi kwamba nilijua. Katalogi haimfikii mtu. Haina simu ya kulia, haina kengele. Neno linakaa tu pale, na asiyelitafuta halioni. Lakini pia ni kweli kwamba vitabu vyetu vilikuwa vinaonekana mtandaoni, na mtu yeyote mwenye simu na bando, akiwa Songea au akiwa Msumbiji, akifungua ukurasa ule na kutafuta kile kitabu cha umeme, angeona maneno yaliyobandikwa. Mtu gani anayekimbia kuokoa roho yake atafungua katalogi ya maktaba ya Kilwa? Hakuna. Nilimweleza hivyo kwa upole kadiri nilivyoweza, na upole si fani yangu.

“Lakini akifungua ataliona?” akauliza.

“Akifungua ataliona.”

“Basi nifungulie.”

Nikakitafuta kitabu cha umeme. Akavuta kiti. Alijua kusoma, alisoma kisomo cha watu wazima akiwa na watoto tayari, na aliandika kwa kidole kimoja akiitafuta kila herufi kama mtu anayechambua mchele. Aliandika jina la mwanawe, kisha jina la babake, vile yanavyosomwa kwenye hitma. Mimi humu sitaliandika. Mfumo ukalipokea. Akalitazama muda mrefu.

“Imemfikia?”

“Bado,” nikamwambia.

Sikusema hapana. Kiswahili kina neno hilo, bado, na mwenye kulitumia hahesabiwi kuwa amedanganya.

Akawa anakuja siku za gulio, akishauza mikeka yake. Alitaka kumtaja tena kwenye kitabu kilekile, lakini mfumo haukubali neno moja mara mbili kwa kitabu kimoja, ukasema neno hili lipo. Akafurahi. “Kumbe linatunzwa,” akasema. Basi akaanza kuniuliza vitabu vingine alivyosoma mwanawe. Mimi navikumbuka, hiyo ndiyo kazi yangu. Kulikuwa na kitabu cha kufuga kuku, alikisoma mwaka aliotaka kufuga. Kulikuwa na ramani za Afrika. Kulikuwa na kitabu cha sheria za mpira, na kimoja cha mashairi ambacho alikirudisha haraka mno. Mama akavipitia vyote, akivibandika jina kimoja kimoja, na vilipokwisha akaanza kuvibandika vile ambavyo mwanawe angevipenda. Hapo alikuwa anachagua mwenyewe. Alitembea kwenye rafu, anavuta kitabu, anakitazama gamba, anasema, “Hiki asingekiacha,” au, “Hiki kingemchosha.”

Siku moja baada ya yeye kuondoka niliandika lile jina kwenye kisanduku cha kutafutia, nikabonyeza. Likaleta vitabu, ukurasa mzima na kuendelea. Umeme, kuku, ramani, mpira, mashairi, useremala, historia ya mji wetu, uhunzi, maradhi ya sukari ambayo babake alikuwa nayo. Katika katalogi yote iliyotungwa na wasomi, hakuna mada iliyokuwa imepangwa vizuri kama ile. Nilikaa nikaitazama mpaka umeme ukakatika. Nililia kidogo, halafu nikafunga mlango nikaenda sokoni kununua samaki.

Na kila alipokuja aliniuliza, imemfikia? Nami nikasema bado.

Rajabu ikaingia. Shemeji yake akatuma watu kumsemesha. Wakamwambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hakuna anayemkataza uchungu wake, lakini mtoto ni wa ukoo pia na ukoo una haki ya kumwombea. Yeye aliwajibu kwamba amemtaja maktaba na anangoja. Nasikia walitazamana. Mmoja wao alinijia mwenyewe, mtu wa heshima, akaniuliza kwa adabu ni kitu gani tunachomfanyia shemeji yao. Nilimweleza mfumo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Alhamdulillah, elimu ni bahari,” akatoka. Sijasikia tusi lenye adabu kama lile.

Ilipobaki kidogo Shaaban iingie, nilifika asubuhi nikawasha kompyuta nikakuta tangazo. Maneno ya wasomaji yamesafishwa. Yamebaki yale yanayoeleza mada ya kitabu. Majina ya watu yameondolewa yote ili kulinda faragha, na mfumo hautayapokea tena. Nikafungua kitabu cha umeme. Chini yake palikuwa peupe. Kuku, peupe. Mpaka majina ya samaki ya yule mvuvi wa Kiswere yalikuwa yameondoka, nadhani mashine iliyachukulia ni watu.

Nikampigia simu mkufunzi. Alinikumbuka, au alijifanya.

“Mama yangu, jina la mtu siyo mada,” akasema.

“Nani kakwambia?”

“Ndiyo utaratibu, mama yangu. Fikiria mtu anatajwa mtandaoni bila ridhaa yake.”

Nikamwambia huyu tunamtafuta ili tumwombe ridhaa. Akacheka, akadhani nafanya utani. Nikamwuliza kama yanaweza kurudishwa. Akasema yakishafutwa yamefutwa, lakini anachukua maoni yangu. Najua maoni yanakopelekwa yakishachukuliwa. Nilimkatia simu, na nilimtukana wakati hanisikii tena.

Alichosema hakikuwa cha kijinga, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Kama mimi ningekuwa yule mwalimu wa hesabu kwenye kitabu cha magonjwa ya ngozi, ningeshukuru.

Mama akaja siku ya gulio. Nilikuwa nimejiandaa na maneno, nikasema nitamwambia kompyuta mbovu, aje wiki ijayo. Nilishindwa kwa sababu aliikuta inawaka. Akavua viatu, akaweka ukili wake mezani, akavuta kiti. Alishazoea, hakuhitaji msaada wangu. Akaandika jina la mwanawe kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa kidole chake kimoja, akabonyeza mwenyewe.

Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi. “Ne-no hi-li ha-li-po.”

Nikasimama. “Mama, ngoja nikueleze.”

“Halipo,” akasema.

“Wamefuta kutoka juu. Siyo lake peke yake, ni ya watu wote. Samaki pia wamefutwa.”

“Siku zote lilikuwa lipo. Nikiandika inaniambia neno hili lipo.”

“Ni mashine, mama. Mashine haijui kitu.”

Akageuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

“Mwanangu, mimi nimekuuliza kila siku, nawe unaniambia bado. Umenihurumia, najua. Sasa imesema yenyewe.” Akarudia kusoma kioo, safari hii bila kukata silabi. “Hayupo.”

“Haikuandika hayupo. Imeandika halipo. Jina ndilo halipo.”

“Ndiyo hivyo,” akasema. “Jina lisipokuwepo kwa walio hai, mwenyewe yuko wapi?”

Nilikuwa na elimu ya kutosha kumjibu. Ningeweza kumweleza ngeli, kwamba li- ni ya jina na yu- ni ya mtu, na kwamba kioo hakikusema lolote juu ya mtu. Akachukua ukili wake, akavaa viatu mlangoni. Aliniambia hitma itakuwa baada ya Alhamisi ya kwanza, nisikose, na akanikumbusha nije na kanga ya kujifunika.

Nilikwenda. Wanaume walikaa barazani kwenye mikeka, bila shaka aliyoishona yeye, sisi wanawake tukakaa ndani na ukumbini. Harufu ya pilau ilikuwa inatoka uani. Mwalimu wa chuo akaanza kutaja, mababu kwanza, kisha mabibi, kisha wale wa juzijuzi. Mama alikuwa amekaa karibu nami, mikono yake imetulia mapajani. Sikuwahi kuiona bila ukili. Likatajwa jina la mumewe. Kisha likatajwa jina lile ambalo mimi nililisoma chini ya kuku na ramani na mashairi, fulani bin fulani, kwa mpangilio uleule alioliandika yeye. Watu wakaitikia. Mwalimu akaendelea na jina lililofuata.

Alikuwa mkavu wa macho. Wakati wa kula alinitengea sahani mwenyewe, na akaniwekea ndizi pembeni.

“Ulisikia walivyomtaja?” akaniuliza.

“Nilisikia, mama.”

“Vizuri, bila kukosea?”

“Bila kukosea.”

Akatikisa kichwa. “Hii inafika,” akasema, akainuka kwenda kuwatengea wengine.

Maktaba bado inafunguliwa. Yule mvuvi wa Kiswere alirudi mara moja, akatafuta samaki wake, akaniuliza wamekwenda wapi, naye hajarudi tena. Mama huwa napishana naye siku za gulio, anaamkiwa, anaitikia, anapita. Mlangoni kwangu haingii. Hana mtu wa kumtaja.